HDD au SSD kwa kompyuta ya nyumbani: namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu alikuwa na utaratibu wake wa asubuhi. Anawasha kompyuta, anakwenda jikoni kubandika chai, anarudi na kikombe mkononi, na mashine bado inazungusha vidoti vyake. Aliponiita, alikuwa ameshaambiwa na mtu wa dukani kwamba kompyuta imezeeka, atafute nyingine.

"Shikamoo Mwalimu. Ukishaiwasha huwa unafanyia nini hasa?"

"Marahaba mwanangu. Natunga mitihani ya tuisheni, naangalia picha za wajukuu. Basi. Ila sasa hata hiyo mitihani naona bora niandike kwa mkono."

Ilikuwa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, mtumba wa ofisini kama zile zilizojaa maduka ya Kariakoo. (Nataja mwaka kwa sababu Dell walilirudia jina hilohilo mwaka 2023 kwa mashine tofauti kabisa.) Prosesa yake ilikuwa bado inatosha na kusaza kwa kazi za Mwalimu. Kilichomchelewesha ni HDD, diski ya zamani ya sahani zinazozunguka. Tukaweka SSD ndogo, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, ya kubeba mfumo wa kompyuta, ile HDD tukaiacha mlemle ndani iwe stoo ya picha. Siku hizi mashine ndiyo inayomsubiri Mwalimu amalize chai.

Nitakupitisha njia ileile niliyopita naye.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba mchawi ni diski

Washa kompyuta, usifungue chochote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda "Performance", halafu gusa "Disk 0". Windows 11, na Windows 10 za kuanzia mwaka 2020, zinakuandikia palepale kama diski yako ni HDD au SSD. Ukiona HDD, na asilimia inaganda kwenye 100 kwa dakika kadhaa ilhali wewe umekaa tu unaiangalia, umeshampata.

Kabla hujafunga, gusa na "Memory". Kama una RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na imejaa, Windows huazima nafasi kwenye diski ili ijisaidie. SSD itapunguza maumivu, lakini utapumua kweli ukiongeza RAM ifike GB 8. Mara nyingi vyote viwili kwa pamoja bado ni nafuu kuliko kompyuta nyingine.

Na kama umeandikiwa SSD tayari na bado mashine inajikokota, funga pochi yako kwanza. Huenda diski imejaa hadi ukingoni, au kuna programu kumi zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi, au kuna virusi. SSD ya pili haitaondoa hayo.

Hatua ya 2: Elewa unachonunua ni nini

Hapa ndipo wengi wanaporushwa na namba za kwenye boksi, kwa hiyo tukae kidogo.

Ndani ya HDD kuna sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea, mfano wa santuri na sindano yake, isipokuwa kichwa hakigusi sahani. HDD za kompyuta za mezani nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, za laptopu mara 5,400. Ukitaka faili, mkono lazima uhame hadi kwenye mstari wake, kisha usubiri sehemu yenye data izunguke ifike chini ya kichwa. Kwa sahani ya 7,200, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8, kwa hiyo wastani wa kusubiri ni 4 na kidogo. Ongeza milisekunde 8 au 9 za mkono kuhama, unapata kama 13 kwa kila kipande.

Milisekunde 13 zinasikika kama si kitu. Lakini Windows ikiamka haisomi faili moja kubwa. Inadonoa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, vilivyotapakaa kila kona ya sahani. Tuseme ni vipande 10,000: hizo ni sekunde 130, zaidi ya dakika mbili, na hapo bado hujafungua hata Word. SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu za kumbukumbu, za ukoo mmoja na zile za ndani ya fleshi ila bora zaidi, zikisimamiwa na chipu nyingine inayojua kila kitu kimelala wapi. Kila kipande inakijibu ndani ya milisekunde 0.1 au chini ya hapo. Vipande vilevile 10,000 vinakuwa kazi ya kama sekunde moja.

Ndiyo maana naona haina maana kulinganisha HDD na SSD kwa kasi ya kunakili filamu. Kwa faili moja ndefu, HDD nzuri inasoma MB 150 kwa sekunde au zaidi, na hiyo inatosha kabisa kuangalia sinema. Inapolemewa ni kwenye kudonoadonoa, na kudonoadonoa ndiyo kazi ya Windows kutwa nzima.

Ukiibeba picha hiyo, uamuzi mzima unakuwa mwepesi: mfumo na programu vikae kwenye SSD, na vitu vikubwa vinavyokaa bila kuguswa vinaweza kukaa kwenye HDD.

Hatua ya 3: Pima mzigo wako

Fungua "This PC", bofya diski C kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", usome umetumia GB ngapi. Watu wengi wenye diski ya GB 500 hukuta wametumia 120 au 150. Mwalimu alikuwa na 96, na 60 kati ya hizo zilikuwa picha na video za WhatsApp.

Kwa mtu wa kuandika, kuperuzi na kusikiliza muziki, SSD ya GB 240 au 256 inatosha. Ukicheza gemu au kuhariri video, anzia 500, ikiwezekana TB 1. Za GB 120 mimi siziweki tena. Windows yenyewe na masasisho yake yanazimeza. Pia acha nafasi tupu ya kama asilimia 15, kwa sababu SSD iliyojaa hupungua kasi na huchoka upesi.

Usishtuke ukiweka diski ya GB 500 na Windows ikakuonyesha 465, au ya TB 1 ikaonyesha 931. Hujaibiwa. Watengenezaji wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Hatua ya 4: Chungulia mashine yako inapokea diski gani

Hatua hii nimeona ikiwapotezea watu hela kuliko zote. Mtu ananunua SSD safi kabisa, anafika nayo nyumbani, haiingii.

SSD za nyumbani ziko za namna tatu. Ya kwanza ni ya inchi 2.5, kijisanduku bapa cha ukubwa uleule wa HDD ya laptopu, inayotumia kiunganishi cha SATA. Inaingia kwenye laptopu yoyote iliyokuwa na HDD ya SATA ya inchi 2.5, na kwenye karibu kila kompyuta ya mezani ya miaka 15 iliyopita. Kasi yake inagota kwenye MB 550 kwa sekunde kwa sababu SATA yenyewe imefikia mwisho hapo.

Ya pili na ya tatu zinafanana kama mapacha, na ndipo ugomvi unapoanzia. Zote ni kibao chembamba cha M.2 kama ubani wa kutafuna, mara nyingi chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80, ndiyo maana kimeandikwa 2280. Lakini kimoja kinaongea SATA na kingine kinaongea NVMe, lugha mpya yenye kasi zaidi. Kuna sloti zinazokubali vyote, kuna zinazokubali kimoja tu. Kibao cha SATA mara nyingi kina mikato miwili kwenye meno yake, cha NVMe mara nyingi kina mmoja, ila usitegemee macho peke yake kwa sababu zipo NVMe zenye mikato miwili. Andika modeli ya kompyuta yako, fungua mwongozo wake kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome sloti ya M.2 inakubali nini na ya urefu gani. Dakika kumi tu.

OptiPlex ya Mwalimu haina kabisa sloti ya M.2, kwa hiyo jibu lilikuwa SATA ya inchi 2.5. Kuna vibao vya kugeuza NVMe iingie kwenye sloti ya PCIe (ile ya kuchomekea kadi za ziada), lakini BIOS, programu ya ubaoni inayoamsha kompyuta, ya mashine ya umri huo kwa kawaida haijui kuwasha Windows kutoka huko. Na kuna laptopu nyembamba, MacBook Air za sasa zikiwemo, ambazo hifadhi imelehemiwa kwenye ubao wenyewe. Hizo unachagua ukubwa siku ya kununua. Baada ya hapo unabaki na diski ya nje.

Je, NVMe ya MB 3,500 au 7,000 kwa sekunde ina thamani ya kuikimbilia? Kama sloti ipo na bei zimekaribiana, chukua. Ila usitarajie muujiza. Kutoka HDD kwenda SSD ya SATA ni kutoka punda kwenda pikipiki. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa anayeandika barua na kufungua YouTube, ni kubadilisha pikipiki kwa pikipiki. Anayehariri video atauona utofauti.

Hatua ya 5: Amua

Laptopu yenye nafasi moja tu ya diski: weka SSD, uhamishie HDD yako ya zamani kwenye kasha la USB. Laptopu za kuhangaika nazo huku na huku hazifai kubeba HDD hata kidogo. Ukiipiga kikumbo sahani zikiwa zinazunguka, kichwa kinaweza kukwaruza na data ikaenda nayo.

Kompyuta ya mezani: weka zote mbili. SSD ndogo kwa Windows na programu, HDD kubwa kwa mengine.

HDD peke yake naikubali mahali pawili tu. Kwanza, mashine ya kurekodi kamera za ulinzi, inayoandika mfululizo usiku na mchana na kufuta vya zamani. Hapo chukua HDD iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pili, diski ya nje ya kuwekea nakala. Mpiga video wa harusi anayerekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde anajaza GB 45 kila saa, na harusi zetu zina sendofu, kitchen party, mkesha na sherehe yenyewe. Huyo akiweka kila kitu kwenye SSD atafanya kazi ya kulipia diski tu. Harusi anayoihariri sasa ikae kwenye SSD, zilizokwisha zilale kwenye HDD.

Ukiwa dukani linganisha hivi: gawa bei kwa idadi ya GB. Fanya kwa HDD, fanya kwa SSD za ukubwa mbalimbali. HDD kubwa itashinda kwa kila GB. Mara nyingi pia utakuta SSD ya 500 haifiki mara mbili ya bei ya 250, na hapo ni busara kupanda ngazi moja.

Hatua ya 6: Nunua kwa macho mawili

Ukiona SSD ya nje ya TB 4 inauzwa bei ya kuku wawili, iache hapohapo. Nimewahi kuletewa moja iliyogoma. Nilipoifungua ndani kulikuwa na kadi ndogo ya simu, imegandishwa kwa gundi na kuchezewa ili ijitangaze ni kubwa. Diski kama hizo zinakubali kila unachonakili na majina ya faili unayaona, lakini kilichozidi uwezo wake halisi hakipo. Unaligundua siku unapokihitaji. Diski yoyote ya nje unayoitilia shaka ipime ikiwa tupu, kabla hujaiamini: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Zinaijaza yote kisha zinasoma kama kilichoandikwa ndicho kilichorudi.

Kwenye SSD utakutana na maneno TLC na QLC. TLC huweka biti tatu kwenye kila chembe ya kumbukumbu, QLC huweka nne. QLC ni nafuu, ila huandika taratibu unapoipa mzigo mkubwa na huvumilia maandiko machache. Kwa diski ya Windows, bei zikikaribiana chagua TLC.

Halafu kuna TBW, yaani terabaiti unazoweza kuandika kabla mtengenezaji hajaondoa dhamana. Kingston A400 ya GB 240 imepewa 80. Samsung 870 EVO ya GB 250 imepewa 150. Watu wanaiogopa namba hii bure. Ukiandika GB 20 kila siku, na ni wachache nyumbani wanaofika hapo, TBW 80 inakuchukua karibu miaka 11.

Diski ya mtumba? HDD za mtumba zimejaa sokoni na nyingine zimetoka kwenye mashine za kamera ambazo hazikuwahi kuzimwa. Mwambie muuzaji aichomeke, ufungue CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Soma saa ilizowaka: mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu mfululizo. Kisha angalia mstari wa 05 na wa C5, hiyo ni hesabu ya sehemu zilizoharibika zikabadilishwa na zile zinazoshukiwa. Nataka sifuri zote mbili. Muuzaji akikataa kuichomeka, ameshakujibu.

Hatua ya 7: Hamisha

Nakili kwanza vitu vyako vya thamani kwenye diski nyingine. Kwanza, si baadaye.

Sasa una njia mbili. Unaweza kuhamisha kila kitu kilivyo kwa programu kama Clonezilla, ukiwa na waya wa SATA kwenda USB. Clonezilla kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kama data ni chache. Au unapiga Windows upya kwenye SSD, njia ninayoipenda mimi, maana uchafu wa miaka sita unabaki nyuma. Fleshi ya GB 8 na programu ya bure ya Microsoft ya kutengenezea fleshi ya Windows vinatosha. Kama Windows yako ina leseni halali ya kidijitali, itajitambua yenyewe ikipata intaneti, kwa sababu leseni imefungwa na ubao wa kompyuta, si na diski. Kama ilipigwa kwa ujanja wa mtaani, hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa kompyuta ya mezani: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa diski. Chomoa waya wa data wa HDD na uiache hivyo kwa muda. Hii wengi wanairuka: HDD ikiwa imechomekwa wakati wa kupiga Windows, mafaili ya kuwashia yanaweza kwenda kukaa huko, na siku ukiitoa, SSD haiwaki. Chomeka SSD kwenye tundu lililoandikwa SATA0, maana kwenye ubao kama wa OptiPlex ya Mwalimu si matundu yote yana kasi kamili. Ukikosa fremu ya kuifungia, usihangaike. Haina kinachozunguka, tepu ya pande mbili inatosha. Kwenye BIOS hakikisha SATA iko kwenye AHCI (namna ya kuongea na diski inayoifaa SSD), piga Windows, ikishatulia zima tena ndipo urudishe waya wa HDD.

Kwa laptopu ni yaleyale, ila tenganisha betri kabla ya kugusa kitu, na skrubu ziweke kwenye kikombe kwa mpangilio uliozitoa. Zina urefu tofauti. Ndefu ikiingia pa fupi inatoboa.

Jambo moja la ukweli nililomwambia Mwalimu: SSD haigeuzi mashine ya 2012 ikubalike na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Yeye tulimwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word. Alilalamika siku mbili kuhusu menyu, basi.

Hatua ya 8: Kuishi nayo

Usiifanyie SSD ule upangaji wa vipande tuliozoea kwenye HDD. Windows inajua yenyewe. Kwenye SSD kwa kawaida inatuma amri ya TRIM, kuiambia ni wapi pameachwa wazi. Ubaya wa TRIM ni kwamba ulichofuta kwa bahati mbaya kwa kawaida hakirudi tena, wakati kwenye HDD fundi mara nyingi anakiokoa.

HDD ikitaka kufa mara nyingi hukutaarifu: inagonga tik-tik, inachelewa, faili moja moja linagoma. SSD huweza kuwa nzima usiku na asubuhi haionekani hata kwenye BIOS. Umeme wa kukatika katikati ya kuandika unazitesa zote mbili, kwa hiyo kompyuta ya mezani iwe na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, hata ndogo. Picha za familia ziwe mahali pawili wakati wote, na kimoja kiwe nje ya kompyuta.

Nakala hiyo ya nje usiiweke kwenye SSD ukaifungia kabatini miaka mitatu. Chipu zake zinashika data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja taratibu, hasa SSD ikiwa imechoka na kabati lina joto. HDD inavumilia zaidi kulala, ingawa nayo iwashe mara mbili kwa mwaka.

HDD ya zamani usiifute ndani ya wiki mbili za kwanza. Daima kuna folda moja uliyoisahau. Ukiitia kwenye kasha la USB, ya inchi 2.5 inakula umeme wa USB, ya inchi 3.5 inahitaji chaja yake, kwa hiyo nunua kasha lenye chaja. Na kama unaiuza au kumpa mtu, iformati ukiwa umeondoa tiki kwenye "Quick Format" ili Windows iandike sifuri mwanzo hadi mwisho. Itachukua saa kadhaa. Iache usiku kucha.